Njuri Ncheke na Mipaka ya Amri

Kabla ya kuwapo machifu wa serikali, wazee wa Muthara na Tigania nzima, huko Meru nchini Kenya, waliongozwa na baraza, si mtu mmoja. Njuri Ncheke, baraza hilo la wazee wa Wameru ambalo makao yake yako Nchiru, iliwachuja wanachama kutoka mabaraza ya chini, ikawaapisha, na uamuzi ukafikiwa kwa maafikiano. Naona hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake: mzee alijua anachotarajiwa kabla ya kupewa madaraka, na aliyekosa alitozwa faini na wenzake waliokula kiapo kilekile.

Atakuja msomaji na kusema huo ulikuwa utawala wa wanaume wazee tu. Ni kweli, na ushahidi mzito ni wa mwaka 1956, pale Njuri, ikiungwa mkono na serikali ya kikoloni, ilipopiga marufuku ukeketaji Meru. Amri ilikuwa wazi, adhabu ilikuwapo. Hata hivyo wasichana wengi, waliojulikana kama Ngaitana, walijikeketa wenyewe, na katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo. (Lengo la marufuku lilikuwa jema, njia ndiyo iliyokosewa.) Lakini pingamizi hilo halivunji hoja yangu, linaipa mpaka. Uwajibikaji ulifanya kazi miongoni mwa wazee kwa sababu waliokubali masharti ndio waliohukumiwa kwayo. Wasichana na mama zao hawakuulizwa lolote. Baraza lililowabana wanachama wake kwa haki lilishindwa kuwaongoza watu ambao halikuwahi kuwasikiliza.