Mporomoko wa Theluji

Mtu aliyezaliwa Tukuyu, katika nchi ya migomba na chai ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, akisoma kwamba balaa lile liualo wapita milimani huko Uswisi na Ufaransa huitwa kwa Kiswahili "maporomoko ya theluji", aghalabu fikira yake itakwenda Kaporogwe, kwenye maji yaangukayo gengeni usiku na mchana; ilhali muradi wa istilahi hiyo si kitu kidumucho kuanguka, bali ni tukio la ghafla, lianzalo na kwisha kabla mtu hajatambua limpatalo. Kwa ajili hiyo naona ni afadhali tuseme mporomoko, kwa umoja, na maporomoko tuyaachie maji.

Ama hatari yenyewe, ingawa Mlima Rungwe haupati theluji, na baridi ya uwanda wa Kitulo huishia kwenye sakitu, si ngeni kwa fahamu za watu wa wilaya ya Rungwe. Theluji hujilimbikiza tabaka juu ya tabaka. Na ikiwa chini ya tabaka lililoshikamana pana jingine la chembe zisizoshikana, basi mzigo wote wa juu umekaa pasipo tegemeo, hata apite mtu mmoja katika mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, ufa ukimbie, na bamba zima liteleze naye. Huo ndio mporomoko wa bamba, uuao kuliko aina nyingine zote, na mara nyingi aliyeuamsha ni yule yule aliyefukiwa, au mwenziwe.

Tazama sasa kingo za barabara zilizochongwa Rungwe: udongo mweusi juu, chini yake changarawe nyepesi ya pumisi iliyotupwa na volkano yapata miaka 4,000 iliyopita, kisha udongo wa kale zaidi. Matabaka yapo huku kama kule. Kiamshacho huku ni maji ya masika, yanayoulemea udongo wa juu na kuuondolea wa chini mshikamano wake. Watu wa Itezi, Mbeya, waliofukiwa nyumba zao kwa tope la Mlima Kawetele tarehe 14 Aprili 2024, hawahitaji kufasiriwa.

Umoja wa neno mporomoko una faida nyingine, kwamba huzaa jamaa yake bila taabu: mporomoko wa udongo, na mporomoko wa mawe, kama ule uliowaua Wamarekani watatu upande wa magharibi wa Kilimanjaro Januari 2006.

Tukirudi kwenye theluji, aliyefukiwa nayo asipofukuliwa katika robo saa ya kwanza, matumaini hupungua upesi mno. Ndiyo maana wasafiri wa huko huchukua sepetu, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na redio ndogo ivaliwayo mwilini, itoayo mawimbi ili wenzi wa aliyefukiwa wamwandame aliko, ambayo ningeiita kitafutio.