Mmea wa Karanga na Mmea Ulao Nzi

Ukitaja Nachingwea, kusini mwa Tanzania, mbele ya wazee, neno linalofuata ni karanga. Serikali ya Waingereza ilianzisha mradi wake mkubwa wa karanga Tanganyika mwaka 1947. Ilifyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikajenga reli, na Januari 1951 ikaufuta mradi baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Habari hizo zimeandikwa sana. Leo karanga nimeikumbuka kwa jambo jingine.

Nenda shambani Lionja, wilayani Nachingwea, ng'oa shina moja la karanga, ukung'ute udongo. Kwenye mizizi utaona vinundu vidogo kama punje za mtama. Ndani ya vinundu hivyo wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuugawia mmea. Bila naitrojeni hakuna mmea unaoishi, na karanga imejipatia ya kwake bila kumwomba mtu mbolea. Sasa shuka bondeni, kwenye kichanga kilicholowa ambacho maji yamekifua kila chakula kikaisha. Pahali pa namna hiyo huota mimea iliyoitatua shida ileile kwa njia nyingine kabisa. Inakula wadudu.

Afrika Mashariki tunayo mingi. Nitazungumzia aina mbili. Ya kwanza ni drosera. Drosera indica, ambayo imeenea Afrika ya kitropiki, huota msimu wa mvua na kufa mvua ikiisha. Majani yake ni membamba kama nyuzi, na kila jani limejaa vinyweleo vyenye tone la ute kichwani. Asubuhi jua likipiga kwa nyuma, mmea mzima unang'aa kama uliomwagiwa shanga za kioo. Mbu akitua, ananata. Anavyozidi kujitikisa ndivyo vinyweleo vya jirani vinavyomwinamia, na vimeng'enya vilivyomo kwenye ute vinamyeyusha taratibu hadi libaki ganda tupu.

Aina ya pili ni utrikularia, nayo ndiyo iliyoniteka zaidi. Haina mizizi kabisa. Mingine huelea madimbwini na hata kwenye majaruba ya mpunga, ikichomoza juu ya maji ua dogo la njano au jeupe, na mkulima huitupa pembeni pamoja na magugu mengine. Chini ya maji imebeba vibofu, kila kimoja milimita chache tu, vyenye mlango na nywele za kushtua. Kibofu hujikamua maji hadi kuta zake zibonyee. Kiluwiluwi akigusa nywele, mlango hufunguka, maji yanafyonzwa ndani naye yumo, mlango unajifunga.

Watu wa sayansi walichelewa sana kuyakubali haya. Mwaka 1759 Arthur Dobbs, gavana wa North Carolina, aliandika kuhusu mmea wa huko unaofunga majani yake kama mtego juu ya nzi. Takriban miaka kumi baadaye John Ellis wa London alimwandikia Linnaeus wa Sweden, yule aliyeipa mimea ya dunia majina, akimweleza kwamba mmea huo unamla mdudu. Linnaeus hakukubali. Alidhani ni jambo kama la kifauongo wetu, mmea unaosinyaa ukiguswa, na kwamba mdudu akitulia huachiwa aende zake. Inasemekana kwake mpango wa Mungu ulikuwa wazi: mnyama ala mmea, mmea haumli mnyama.

Aliyeugeuza mjadala ni Charles Darwin. Kiangazi cha 1860 alikuwa mapumzikoni Sussex, akaona jinsi drosera za huko zilivyojaa wadudu waliokufa. Alizichukua hadi nyumbani kwake, akazilisha nyama mbichi, maziwa na ute wa yai, akaweka hata kipande cha unywele juu ya jani apime wepesi wake wa kuhisi. Mwaka huohuo alimwandikia rafiki yake Charles Lyell kwamba drosera inamshughulisha kuliko asili ya viumbe vyote duniani, na hapo ulikuwa haujapita hata mwaka mmoja na nusu tangu atoe kitabu chake maarufu kuhusu asili hiyo. Kitabu chake cha mimea ilayo wadudu kilitoka Julai 1875, baada ya miaka 15. Mwaka mmoja kabla yake, gazeti moja la New York lilichapisha habari ya mti wa Madagaska unaomla binadamu. Ulikuwa uongo mtupu, lakini ulisambaa na kuaminiwa kwa miaka mingi. Madagaska ina mmea wake wa kweli wa kustaajabisha, nepenthesi, unaoning'iniza vibuyu vya maji vya kunasia wadudu. Mfaransa Étienne de Flacourt aliueleza tangu 1658. Naona ukweli huo ungetosha bila kuongezewa chumvi.

Sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote ilitokea ndani ya nyumba ya kawaida, katika mji mdogo wa Vineland, New Jersey. Mary Treat aliotesha mimea hii kwake na kukaa nayo saa nyingi kwa hadubini. Darwin alikuwa ameandika kwamba mdudu huingia kwenye kibofu cha utrikularia kwa kusukuma mlango kwa kichwa. Bi Treat aliwaangalia viluwiluwi wakinaswa, akaona si hivyo: wanavutwa. Mwaka 1876 Darwin alimwandikia na kukiri kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mwanamke mwenye mimea yake nyumbani alimsahihisha mwanasayansi mkuu wa zama zile, kwa sababu aliiangalia ikiwa hai.

Neno hilo, hai, ndilo shida ya historia ya kwetu. Mimea ya kusini mwa Tanzania imeandikwa zaidi ikiwa mikavu. Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alikusanya mimea maeneo ya Lindi, Ziwa Lutamba na uwanda wa Muera miaka ya 1934 na 1935, akaibana kwenye karatasi na kuipeleka Berlin. Machi 1943 mabomu yaliichoma hebaria ya Berlin, yaani hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa, na sehemu kubwa ya kilichosalia cha kazi yake ni nakala zilizokuwa zimegawiwa kwingine. Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani huko Usambara mwaka 1902, ilihamishiwa Nairobi 1950. Mwaka 1955 na 1956 Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor wa bustani ya mimea ya Kew, London, walizunguka Songea wakikusanya. Taylor huyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa utrikularia duniani: mwaka 1973 aliandika sehemu ya ukoo wa mmea huo katika kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, na mwaka 1989 akatoa kitabu cha dunia nzima chenye spishi 214. Kitabu kikuu chenyewe kilikamilika 2012, kikiwa na zaidi ya spishi 12,000. Ni kazi ya heshima kubwa na ninaithamini.

Lakini bana utrikularia kwenye karatasi uone. Vibofu vinabapa, ua linakunjika kama karatasi ya pipi, rangi inakwenda. Mtaalamu akitaka kulichunguza ua hilo miaka 50 baadaye, hulichemsha kwanza ili lirudie umbo. Ute wa drosera haurudi hata ukichemsha. Kitu chenyewe kinachoufanya mmea huu uwe wa ajabu hakihifadhiki kwenye karatasi kavu.

Hapo ndipo kamera iliposaidia. Darwin na wanawe walichora kwa mkono. Mwaka 2011 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliupiga picha mlango wa utrikularia kwa kamera ya kasi kubwa na kuonyesha kwamba mnaso mzima huchukua chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Jicho la Bi Treat lisingeweza kuliona hilo, ingawa alikuwa amelihisi.

Kuifuga nyumbani ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, kama utasahau kila ulichofundishwa kuhusu kilimo. Usitie samadi wala mbolea ya dukani. Chakula kingi majini au udongoni huiua. Maji ya kisima yenye chumvi yataiua pia. Kinga mvua kutoka kwenye bati, mvua za mwanzo zikishaosha vumbi. Utrikularia inatosheka na beseni au ndoo iliyokatwa, ikae panapopata jua la asubuhi, na mbu wakitaga humo, viluwiluwi wao ni chakula chake. Drosera iweke kwenye kichanga cha mto kilichooshwa, kopo likae ndani ya sahani yenye maji muda wote wa msimu. Mmea wa msimu utakufa, usihuzunike: toa mbegu zake, zihifadhi pakavu hadi mvua ijayo.

Kupiga picha nako hakuhitaji kamera ya bei ghali. Kwa drosera, panga kitambaa cheusi nyuma ya mmea, jua liwe upande wa pili, usogee karibu hadi tone moja la ute lionekane limetengana na jingine. Kwa utrikularia, chota maji yake kwenye glasi safi au kopo jeupe, uache yatulie. Weka sarafu pembeni ili mtazamaji ajue ukubwa. Piga picha ya ua kwa mbele na kwa ubavu, maana umbo la ua ndilo linalotofautisha spishi, halafu andika tarehe, kijiji na aina ya mahali: jaruba, dimbwi, kando ya kijito.

Na tafadhali, piga picha kwanza kabla hujang'oa. Chukua kipande kimoja tu, kingine kibaki bondeni. Walimu wa baiolojia wa Lionja, Nachingwea na Ruangwa, mvua zikianza Desemba, wapelekeni wanafunzi madimbwini na simu moja na kopo jeupe. Picha zenye tarehe na mahali zipelekeni idara ya botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye hebaria yao, mmea wenu ukiwa bado hai ndani ya beseni.