Bwana Kheri Aliita Baridi

Soko la Karume, pale Mchikichini, ukifika asubuhi belo zinapofunguliwa unakutana na nguo za dunia nzima kabla jua halijakaza. Mwezi uliopita niliokota jaketi moja zito la bluu, lina mifuko kila mahali. Kwenye zipu palikuwa bado pananing'inia kikaratasi kigumu: tiketi ya lifti ya mlimani, kutoka bonde moja la Austria ambako watu huenda msimu wa baridi kutembea na kuteleza kwenye theluji kwa ski. Nikamuuliza kijana muuzaji, hili nani ananunua kwa joto hili la Dar? Akacheka.

"Dada, haya hayakai hapa. Yanapanda Moshi. Wapagazi wa mlimani ndio wateja wake."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Sawa, leo wana mitumba. Zamani je? Maana sisi tuna theluji yetu, na kuna watu waliitembelea miaka mingi kabla ya jaketi lolote kushushwa bandarini.

Shuleni tulikaririshwa kwamba Johannes Rebmann "aligundua" Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Kumbe mgunduzi mwenyewe alikuwa anaongozwa. Mbele yake alikuwepo Mswahili aitwaye Bwana Kheri, ndiye aliyejua njia ya kwenda Uchagani. Tarehe 11 Mei, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Bwana Kheri alikiita kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaandika kwamba kwake yeye ilikuwa wazi kabisa kuwa ile ni theluji.

Kisa hiki kinapenda kusimuliwa kama kichekesho kidogo: mzungu anajua jina la kitu, mwongozaji wake hajui. Mimi nakisoma vingine. Jina kweli Bwana Kheri hakulitoa. Lakini yeye alikuwa na msafara wa watu wa pwani waliovaa nguo za pwani, na kazi yake ilikuwa kuwafikisha na kuwarudisha. Kwa kazi hiyo neno la kwanza kulijua ni lile alilolisema. Wachagga walikuwa na ushahidi. Rebmann na mwenzake Krapf wenyewe waliandika habari ya mtawala wa Machame, Rungua, aliyetuma kundi kubwa la watu kupanda kuuchunguza ule weupe. Akarudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Nani sasa hakujua theluji ni nini?

Na haya majina yenyewe ni ya kuazima, tusijidai sana. Theluji tuliichukua kwa Waarabu. Barafu tuliichukua kwa Waajemi, ambao kwao barf ni ile inayodondoka kutoka angani, yaani theluji yenyewe. Ilipofika kwetu ikawa donge gumu, halafu ikawa kile kimfuko cha ubuyu ulioganda ambacho watoto wa Kariakoo wanakinyonya mchana kutwa.

Ulaya walibishana miaka. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima huo, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda kupita mita 4,000 na theluji ikawaangukia. Ubishi ukapoa.

Ila anayenikaa kichwani zaidi ni Mwini Amani. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, walifika wakikata vidato kwenye barafu kwa shoka. Wawili hao walilala, wakarudi, wakajaribu tena, kwa sababu kambini kwao, kwenye mita 4,300 hivi, kulikuwa na mtu aliyebaki nao. Mtu wa Pangani! Mji wa minazi na mdomo wa mto, ambako baridi tunayoijua ni upepo wa kusi. Siku baada ya siku alikaa mahali ambapo maji yanaganda usiku, huku wapagazi wengine wakipandisha chakula kutoka chini. Jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu limepata heshima yake, na inastahili. La Mwini Amani sijawahi kulisikia darasani hata mara moja. Hemingway naye, kwenye hadithi yake ya 1936 juu ya theluji za Kilimanjaro, nafasi ya mwanzo kabisa alimpa mzoga wa chui.

Halafu mwaka 1912 wakaja Walter Furtwängler na Siegfried König. Hawa walifika kileleni na kushuka Kibo kwa ski. Ndiyo, ski, Tanganyika ya Wajerumani. (Wakenya watatukumbusha Philip Boit wa Nagano 1998, lakini yule alipelekwa kujifunza Finland, hawa walikuja kutelezea kwetu.) Nikisoma habari hiyo, macho yangu hayakai kwenye mteremko. Yanarudi chini kwenye njia ya msitu, kwenye zile mbao ndefu, nikijiuliza ziliegemea bega la nani mpaka kufika juu. Habari ninazozipata zinataja majina mawili tu.

Leo usingeteleza mbali. Mwaka ule wa 1912 barafu ya Kibo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Theluji mpya bado inaanguka, na baridi ya usiku ya Bwana Kheri ipo palepale. Mizigo inapimwa getini, mpagazi habebi zaidi ya kilo 20, na wengine wanapanda na viatu vilivyokwisha soli.

Lile jaketi sikulinunua. Nilipita tena Jumamosi, halikuwepo. Kijana akaniambia limeondoka na mzigo wa basi la alfajiri, yeye na mwenzake walichofanya ni kukata tu kile kikaratasi.