Wahunzi wa Mrima na Kengele ya Bagamoyo

Katika mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka bahari kutoka Unguja wakaanzisha misheni Bagamoyo, na pamoja nao ikaja desturi ambayo mji huo haukuwa nayo: kuwaita watu kwa kengele kubwa iliyotundikwa juu. Ni rahisi kwa mtazamaji wa leo, asimamapo chini ya mnara wa kanisa lao la kwanza, kudhani ya kuwa ufundi wa madini uliingia Mrima kwa mlango huo huo, na kwamba kabla yake pwani haikujua ila kununua na kuuza. Dhana hii haina msingi. Watu wa pwani hii walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma zaidi ya miaka 1,500 kabla ya kengele hiyo kulia, na katika miji yao ya kaskazini walifahamika pia kwa vyombo vya shaba iliyosubiwa. Swali lifaalo kuulizwa, basi, si kwa nini watu wa pwani hawakuweza kuwa na kengele kubwa, bali ni kwa nini hawakuihitaji. Na jibu lake hufunua mengi juu ya namna mji wa Kiswahili ulivyojitawala.

Yafaa kwanza kutenganisha kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Lugha ya Kiswahili yenyewe huzitenganisha vizuri. Kufua ni kugonga madini ya moto juu ya fuawe mpaka yapate umbo. Kusubu ni kuyayeyusha yawe kama maji na kuyamimina ndani ya kalibu. Neno la kwanza ni la asili ya Kibantu, na ndugu zake wamo katika lugha nyingi za bara. La pili limetoka katika Kiarabu, na kalibu kadhalika. Tofauti hii ya maneno yalingana na tofauti ya madini. Shaba huyeyuka kwa joto la nyuzi 1,085, na ikichanganywa na bati huyeyuka mapema zaidi. Chuma safi hakiyeyuki mpaka nyuzi 1,538, joto ambalo tanuri la udongo livuviwalo kwa mivukuto halilifikii. Kitokacho katika tanuri la namna hiyo ni bonge zito lenye matundu, lililochanganyika na mavi ya chuma, nalo hupashwa moto na kugongwa tena na tena mpaka uchafu utoke. Kwa hiyo kengele ya chuma ya Kiafrika haisubiwi, hufuliwa. Kengele ya kanisa, ambayo kwa kawaida huwa na sehemu nne hivi za shaba kwa sehemu moja ya bati, haifuliwi, husubiwa.

Historia ya chuma katika pwani hii ina mageuzi ya kustaajabisha. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja bidhaa zilizoletwa katika bandari za Azania, ambayo ndiyo pwani ya Afrika Mashariki, mpaka Rhapta. Na miongoni mwake ni mikuki, mashoka, visu na shazia. Kwa ushahidi huo peke yake mtu angesema kuwa watu wa pwani walikingojea chuma kutoka ng'ambo. Lakini ardhi imetoa ushahidi mwingine. Uchunguzi wa Felix Chami katika miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha ya kuwa huko Limbo, kusini ya Dar es Salaam, chuma kiliyeyushwa kwa wingi katika zama zile zile za Periplus au karibu nazo, na mabaki ya wakulima waliotumia chuma yamefukuliwa mahali pengi katika nchi iliyo nyuma ya Bagamoyo. Kisha, katika mwaka 1154, al-Idrisi alipomaliza kitabu chake cha jiografia huko Sicily, aliwaeleza watu wa Malindi na Mombasa kuwa ni wachimbaji wa chuma, na kwamba chuma kiliwapatia faida kubwa katika biashara. Yaani katika muda wa miaka 1,100 hivi, pwani iliyoandikwa kuwa mnunuzi wa chuma iliandikwa kuwa muuzaji wake. Matanuri yaliyochunguzwa na Chapurukha Kusimba huko Galu, kusini ya Mombasa, yathibitisha kwamba habari hiyo si ngano ya mabaharia.

Kazi ya kuyeyusha haikufanywa katikati ya mji wala kijiji. Ilihitaji kuni nyingi za kuchoma makaa, udongo wa kufinyangia mirija ya kupitishia upepo, maji, na zaidi ya yote faragha. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wahunzi walilijenga tanuri mbali porini, wakajiepusha na wake zao mpaka kazi ishe, wakatia dawa chini ya tanuri na kuwazuia wasiohusika wasikaribie. Mila hizo zilikuwa na maana ya kidini, kwani tanuri lilifananishwa na tumbo la mama. Lakini pia zililinda elimu isitoke mikononi mwa ukoo. Mabonge yalipokwisha kusafishwa ndipo yalipofuliwa kuwa majembe, mashoka, visu, ndewe za mishale, na njuga. Njuga hufanywa kwa kukunja bamba dogo la chuma mpaka kingo zake zikaribiane, na ndani yake hutiwa kokoto au punje ya chuma. Ni chombo kidogo, lakini ni kengele kamili, nacho kilitokana na fuawe ile ile iliyotoa jembe.

Huko Afrika ya kati kazi hii ya kufua ilipanda daraja. Mwanahistoria Jan Vansina, katika makala yake ya mwaka 1969 juu ya kengele za wafalme, alionyesha jinsi kengele za chuma, za mdomo mmoja na za midomo miwili, zilivyosafiri pamoja na utawala, hata mwenye kengele akawa ndiye mwenye nchi. Vyombo vya namna hiyo vilifukuliwa hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mji uliofanya biashara na Kilwa. Hapana shaka, basi, kwamba wafanyabiashara wa pwani walizijua habari za watawala wa bara waliotangaza enzi yao kwa kengele. Hata hivyo miji ya Waswahili haikuichukua desturi hiyo. Ilichagua baragumu.

Ushahidi mkubwa wa uteuzi huo ni siwa. Siwa ya Lamu, ambayo pamoja na siwa ya pembe ya ndovu ya Pate imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ni ya shaba iliyosubiwa. Namna ya kuisubu ni ile ya kupoteza nta: fundi huunda umbo kwa nta juu ya kiini cha udongo, huchora nakshi zote katika nta hiyo, huifunika kwa udongo mwingine, kisha huipasha moto mpaka nta iyeyuke na kutoka, na mahali pake humiminwa shaba. Kalibu huvunjwa ili kitu kitoke, na kwa sababu hiyo kila kitu kisubiwacho hivyo ni cha pekee. Anayeweza kusubu baragumu lenye nakshi na maandishi kwa njia hii hakosi elimu ya kusubu kengele. Ikiwa pwani haikuacha kengele kubwa za shaba, sababu yake haiwezi kuwa upungufu wa ufundi.

Sababu yapatikana katika namna mji ulivyowaita watu wake. Kwanza, palikuwa na wito wa sala. Mapokeo ya Kiislamu husimulia ya kwamba huko Madina, Waislamu wa kwanza walipotafuta njia ya kukusanyana, walifikiri habari ya baragumu na ya kengele, mwisho wakachagua sauti ya mtu, na Bilali akawa mwadhini wa kwanza. Huko Kaole, mji wa kale ulio karibu na Bagamoyo, msikiti wa mawe unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13 una ngazi ya kupandia paani, wala hauna mnara mrefu. Mahali pa kupanda mtu pametengenezwa. Mahali pa kutundika chombo hapakuhitajiwa. Pili, palikuwa na wito wa dharura na amri, nao ulikuwa wa mbiu, pembe ya nyati iliyogongwa kwa kijiti mitaani. Methali ijulikanayo na kila Mswahili, kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, ni sheria ya mji iliyofupishwa. Tatu, palikuwa na wito wa enzi, nao ulikuwa wa siwa. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, mwandishi wa safari yake aliona mbele ya mfalme mabaragumu mawili ya pembe, marefu kama kimo cha mtu, yakipulizwa kwa tundu la ubavuni. Mji uliokuwa na sauti tatu zilizopangwa hivi, moja ya Mungu, moja ya amri na moja ya heshima, haukuwa na pengo la kujazwa na kengele. Hata makanisa ya Wareno ya karne za 16 na 17 hayakuibadili desturi hiyo, na baada ya Waomani kuitwaa Fort Jesus mwaka 1698 wito wa zamani uliendelea.

Lakini katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara, na njiani sauti ya chuma ilikuwa na kazi nyingine. Wapagazi, na hasa Wanyamwezi, walitembea kwa ngoma, pembe na nyimbo, na baadhi yao walijifunga njuga chini ya magoti au vifundoni. Njuga hizo zilihesabu hatua, zikapunguza uchovu, zikampa mpagazi fahari ya kazi yake. Katika njia hiyo hiyo chuma kililia kwa sauti nyingine, ya minyororo shingoni mwa watumwa waliofikishwa pwani. Na pwani nayo ilipeleka bara nguo, ushanga na masango, yaani nyaya za shaba ambazo mafundi wa bara walizigeuza vikuku. Hapa yaonekana mageuzi ya pili. Pwani ambayo al-Idrisi aliisifu kwa chuma chake ilikuwa sasa ikipitisha madini yaliyotengenezwa viwandani ng'ambo.

Ndipo yaeleweka vema kengele ya misheni ililetea mji jambo gani jipya. Kijiji cha uhuru cha Bagamoyo kilikusanya watu waliokombolewa, wengi wao watoto walionunuliwa katika soko la Unguja kabla halijafungwa mwaka 1873. Kwao kengele iligawa siku: saa ya kuamka, saa ya sala, saa ya shamba, saa ya masomo, saa ya kulala. Adhana hufuata jua, mbiu hufuata tukio, na siwa hufuata sherehe. Kengele ya misheni ilifuata saa. Mtoto aliyeokolewa katika mnyororo aliingia katika ratiba. Ratiba hiyo ilimpa chakula, elimu na usalama, nayo pia ilimwamuru bila ya kumwuliza. Mambo haya mawili yalikuwamo ndani ya mlio mmoja, wala haifai mwanahistoria kulichukua moja na kuliacha la pili. Mwezi wa Februari 1874, Chuma, Susi na wenzao walipouleta mwili wa Livingstone Bagamoyo baada ya mwendo wa miezi mingi kutoka bara, msafara uliwasili katika misheni hiyo. Na kwa siku moja dunia ya mpagazi na dunia ya mnara zilikutana mahali pamoja.

Misheni ilifundisha uhunzi pamoja na useremala na uashi, na vijana wake walikuwa mafundi hodari. Walakini walichojifunza ni kufua chuma kilichokwisha kutengenezwa, wala si kukitoa katika jiwe. Hapo ndipo ilipo hasara. Wakati wa utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, majembe ya viwandani yaliuzwa kwa bei ambayo mhunzi wa tanuri la udongo hakuiweza, kwa kuwa yeye alihitaji majuma ya kuchoma makaa kabla ya kupata bonge moja. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilichukua bidhaa hizo mpaka ndani ya bara, na mabaki ya vyuma vya mitambo yakawa machimbo mapya ya wahunzi. Fuawe ikabaki, tanuri likazimika. Ufundi wa kale haukushindwa na ufundi bora kuliko wenyewe. Ulishindwa na bei.

Jambo hili lapasa kusisitizwa, kwa maana kinachozimika kwa bei husahauliwa upesi kuliko kinachozimwa kwa vita. Vita huacha tarehe na mashujaa, lakini tanuri lililoachwa huacha rundo la mavi ya chuma ambalo mkulima hulikwepa kwa jembe la dukani. Kizazi cha pili hakijui tena kazi, na cha tatu hakijui maneno yake. Ndipo mtu asimamapo chini ya mnara wa Bagamoyo na kuamini kwamba madini yalianza kusema siku ile mnara ulipojengwa. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu hapa ambao wachimbaji wa magofu hawawezi kuwatimizia. Fuawe, koleo, mvukuto, kewa, kalibu, nta ya kusubia, njuga na mbiu bado ni maneno ya lugha hii, na baadhi ya wazee na wahunzi wanayatumia bado kwa maana zake kamili. Kuyakusanya na kuyaeleza si kazi ya kamusi peke yake. Ni kutunza hati ya kumiliki ufundi, ili atakayeandika historia ya pwani hii asimpe mgeni kazi iliyofanywa na mwenyeji.