Maji ya Chitane: Mbwa, Bwana Wake na Ushahidi wa Lugha



Mtu atakaye kujua jinsi Waswahili wanavyomtazama mbwa huanza, aghalabu, na methali, nazo methali humjibu upesi. Ukimchekea mbwa utaingia naye msikitini. Mbwa hafi maji akiona ufuko. Kisha hukumbuka kwamba neno lenyewe ni tusi zito mitaani, na papo hapo huhitimisha kuwa mapenzi baina ya mtu na mbwa wake ni jambo geni kwetu, lililoshuka melini pamoja na Wazungu. Hitimisho hilo silikubali. Methali ya msikiti haimzungumzii mbwa. Inawazungumzia watu wasiojua mipaka, na mbwa ameazimwa tu kwa ajili ya mfano. Anayetafuta historia ya hisia ndani ya methali peke yake ni kama hakimu aliyemsikiliza shahidi mmoja, naye ni shahidi apendaye kuonya.

Tuanze na neno. Mbwa ni neno la kale mno katika lugha za Kibantu. Waganda husema embwa, Wanyarwanda na Washona imbwa, na katika Kilingala ni mbwa kama kwetu. Mnyama huyu, basi, aliandamana na wasemaji wa lugha hizi kabla ya kuwapo msikiti wowote pwani. Uislamu ulipokuja ulileta sheria ya tohara. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini dini hiyohiyo imehalalisha, katika Sura ya al-Maida, windo lililokamatwa na mbwa waliofunzwa; na kila Ijumaa, waumini wanaosoma Sura ya al-Kahf hukutana na mbwa aliyenyoosha miguu kizingitini, akiwalinda vijana waliolala pangoni. Wafasiri wakampa hata jina, Qitmir. Unguja nako wasasi wa mashamba, Waislamu kama jirani zao, wamewinda nguruwe mwitu kwa mbwa. Kujitenga na mate ya mnyama si kumchukia, na wazee wetu walilijua hilo bila ya kuhitaji mhadhara.

Sarufi nayo ina neno la kusema. Nomino za ngeli ya N zinazotaja viumbe vyenye uhai huchukua upatanishi wa watu: mbwa huyu mkubwa amekuja. Tukifika kwenye vimilikishi, mambo hubadilika. Twasema mbwa wangu, lakini ndugu yangu, rafiki yangu, jirani yangu, hata adui yangu. Walio na uhusiano wa kijamii nasi hupewa yangu. Mnyama, awe mpenzi namna gani, hubaki na wangu. Sitajenga ghorofa juu ya msingi huu mwembamba, maana paka na ng'ombe hutendewa vivyo hivyo. Hata hivyo tazameni kibao kilichoenea katika malango ya matajiri wa miji yetu: “Mbwa kali”. Kiko wapi kiambishi cha mkali? Mbwa wa langoni amevuliwa upatanishi wa viumbe hai, akawekwa fungu moja na dawa kali na baridi kali. Walimu wa sarufi hulalamika kwamba hilo ni kosa. Mimi huliona ni kosa linalosema kweli, kwa kuwa mbwa huyo hakuwekwa pale awe na mtu, bali amzuie mtu.

Kinyume chake ni kitenzi ambacho watafiti wa mapenzi hukipita bila kukitupia jicho: kuzoea. Mwenye mbwa wetu hasemi sana kwamba anampenda mbwa wake. Husema, “Huyu kanizoea.” Angalieni nani ni mtenda katika sentensi hiyo. Ni mbwa. Kupenda kwaweza kuwa kwa siku moja. Kuzoea hudai siku nyingi, na hapa hiari imeachwa kwa mnyama. Wakifika mbali zaidi husemwa wamezoeana, neno ambalo hutumika pia kwa mke na mume waliokwisha kuvuka dhoruba za mwanzo.

Sasa niwapeleke kwenye kisa kimoja ambacho tarehe yake twaijua. Mwaka 1866 David Livingstone alitoka Zanzibar, akashuka Mikindani na kuingia bara. Msafara wake ulikuwa na askari wa Kihindi, watu wa Anjouan, vijana waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, huko India, na pamoja nao Susi wa Shupanga na Chuma, Myao. Walikuwamo ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Alikuwamo pia mbwa mdogo wa manyoya ya kujikunja, jina lake Chitane.

Shajara za Livingstone, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, zinamweleza mbwa huyu kwa upole usio wa kawaida kwa mwandishi yule. Chitane aliwafukuza mbwa wa vijiji wasiibe vibandani, wala yeye mwenyewe hakuiba. Watu walipomkodolea macho mgeni mweupe, mbwa alishiriki kukodolewa huko. Njiani alijifanya msimamizi wa msafara mzima: hukimbia mbele, akarudi nyuma, kuhakikisha kwamba wote wapo.

Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni kaskazini ya Zambia, walivuka kinamasi cha Chimbwe mahali penye upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Maji yalifika kiunoni. Chini palikuwa na tope laini lenye mashimo. Livingstone alitangulia bila kutoa agizo lolote kuhusu mbwa, na hilo aliliandika waziwazi kuwa ni uzembe wake. Vijana nao kila mmoja alikuwa akipigania asianguke. Chitane aliogelea hata nguvu zikamwishia. Methali yasema mbwa hafi maji akiona ufuko. Kiumbe wa kimo kile, katikati ya maji yale, ufuko angeuonea wapi?

Siku tano baadaye wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa, na wanahistoria wengi hulikumbuka sanduku kuliko mbwa. Lakini katika ukurasa wa tarehe 15 mna taarifa ndogo inayonivutia kuliko majonzi ya bwana mwenyewe: vijana wote wakayaita maji yale kwa jina la mbwa. Kwa Kiswahili tungesema Maji ya Chitane. Tunayo majina mengi ya muundo huo, Maji ya Chai, Maji ya Chumvi, nayo hueleza rangi au ladha. Hili linataja aliyefia humo, kama mahali panavyopewa jina la mtu.

Waandishi wa Uingereza walipowasifu Chuma na Susi, walioshiriki kuubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874, waliwaita watumishi waaminifu, sifa ileile ambayo Mwingereza humpa mbwa wake. Msomaji asiye makini ataona msafara wa bwana mmoja na wafuasi wake, wenye miguu miwili na wenye minne. Shajara haikubali usomaji huo. Waliochukuliwa utumwani wakiwa watoto, ambao baadhi yao majina yao ya kwanza hatunayo, ndio waliosimama ng'ambo ya kinamasi wakiwa wamelowa, wakapatia mahali pale jina.