Kujitolea na Kulowea: Kijana Mgeni na Lugha za Mwambao wa Ziwa Nyasa, 1876–1928

Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo, vikiwekwa pamoja, hueleza maisha ya watu wengi waliovuka bahari wakiwa vijana na hawakurudi kwao. Cha kwanza ni kujitolea, cha pili ni kulowea. Kitenzi kujitolea kimejengwa kwa mzizi wa -toa, kauli ya kutendea na kirejeshi -ji-. Kauli ya kutendea kwa kawaida humdai mtendewa: mtu humtolea mtu. Katika kujitolea nafasi hiyo imekaliwa na -ji-, na yule anayenufaika hubaki nje ya neno. Kwa hiyo kila asemapo mtu kwamba fulani amejitolea, msikilizaji ana haki ya kuuliza: kwa ajili ya nani, na kwa gharama ya nani?

Kulowea, kwa upande wake, ni kukaa ugenini moja kwa moja. Nomino yake, mlowezi, imechafuliwa na historia, kwa kuwa aghalabu hutajwa pamoja na wazungu waliojitwalia ardhi za Kenya na Zimbabwe. Swali la mhadhara huu ni iwapo yumkini mtu kulowea bila ya kuwa mlowezi wa namna hiyo. Ushahidi utatafutwa katika eneo moja la Mkoa wa Ruvuma, nalo ni mwambao wa Ziwa Nyasa pamoja na nchi ya Mbinga iliyo juu yake.

Vilima na ziwa

Mtu akisimama Matiri au kwingineko katika nchi ya Mbinga, huwa katika eneo ambalo historia yake ya kidini ni ya Kikatoliki. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, shirika lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1884, walifika pwani ya Tanganyika mwaka 1888, na mwaka 1898 Cassian Spiss akaanzisha kituo cha Peramiho karibu na Songea. Kutokana na kazi hiyo likapatikana hatimaye Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986. Kwa Wabenediktini kulowea ni sehemu ya kanuni, kwani mtawa huweka nadhiri ya kudumu katika jumuiya yake.

Akiteremka hadi ziwani, katika nchi ambayo tangu 2012 ni Wilaya ya Nyasa, msafiri hukuta historia nyingine. Huko walifika Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi UMCA. Misheni hiyo ilizaliwa kutokana na hotuba aliyoitoa David Livingstone mjini Cambridge tarehe 4 Desemba 1857. Watumishi wake hawakuwa na mshahara. Walipewa chakula, malazi na posho ya pauni 20 kwa mwaka, nao walitakiwa wasioe wala kuolewa wakiwa kazini. Hawakufungwa na nadhiri ya kitawa, na aliyetaka kuondoka aliondoka. Hii ndiyo sura ya kujitolea iliyo karibu zaidi na ile inayofahamika leo miongoni mwa vijana wanaokwenda nchi za mbali kufundisha au kuuguza.

Kijana wa mwaka 1876

Miongoni mwa waliojiunga alikuwa William Percival Johnson, aliyezaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, Uingereza, na kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alitazamiwa kuingia katika utumishi wa serikali nchini India, kazi yenye cheo na pensheni. Badala yake alifika Zanzibar mwaka 1876 akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka huohuo Askofu Edward Steere aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani kutoka pwani ya Lindi kuelekea bara. Wengi wao asili yao ilikuwa upande wa Ziwa Nyasa. Msafara huo ulipiga kambi Masasi, na kambi ikawa makazi. Johnson alikuwamo.

Kutoka hapo aliishi Mwembe kwa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, na mwaka 1881 akalazimika kuondoka. Alielekea ziwani pamoja na mwenzake Charles Janson, ambaye alifariki mwanzoni mwa 1882, mara tu baada ya kuyaona maji ya ziwa. Johnson alirudi Uingereza kukusanya fedha za kununulia meli ya mvuke. Wakati wa safari ya kurejea mwaka 1884 alipatwa na ugonjwa wa macho uliomwachia uwezo mdogo sana wa kuona. Meli iliyopewa jina la Charles Janson ilishushwa majini mwaka 1885, na kisiwa cha Likoma kikafanywa makao makuu. Kwa zaidi ya miaka arobaini iliyofuata Johnson alitembelea vijiji vya mwambao kwa meli na kwa miguu. Alifariki Liuli mwezi Oktoba 1928, na kaburi lake liko hukohuko.

Jicho na sikio

Kwa mwanaisimu, jambo la kuzingatia katika maisha hayo ni tafsiri. Johnson aliitafsiri Biblia kwa Kinyanja cha Likoma, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo historia zilizoandikwa aghalabu humtaja yeye. Walakini hebu mantiki ifuatwe. Mtu mwenye macho dhaifu kiasi kile hawezi kufasiri kitabu kikubwa namna ile bila ya wasomaji, waandishi na wazungumzaji wanaomsahihisha. Alilazimika kuisikiliza lugha. Upungufu wa jicho ulimkabidhi kwa sikio, na sikio likamkabidhi kwa wenye lugha. Wenye lugha hao walijitolea pia, lakini jalada la kitabu halikuwa na nafasi ya majina yao.

Wako wachache ambao majina yao yamehifadhiwa. Augustine Ambali alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa na misheni Zanzibar, na katika miaka ya 1880 akaenda ziwani. Huko alilowea, akapewa upadri, na akaandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza katika kitabu Thirty Years in Nyasaland. Johnson na Ambali walikuwa wageni wote wawili katika mwambao uleule, na wote wawili walizeekea huko. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliondoka kwao kwa hiari na mwingine aling'olewa kwao kwa nguvu. Neno kujitolea humstahiki kila mmoja wao, ila haliwezi kuwa na uzito uleule. Aliyekuwa na pa kurudi alichagua kubaki. Aliyenyang'anywa pa kurudi alichagua kuwatumikia wengine.

Wa tatu ni Leonard Kamungu, mwenyeji wa nchi za ziwani, aliyepewa upadri mwaka 1909. Mwaka 1911 alikwenda Msoro, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kuanzisha kazi mpya miongoni mwa watu wasio wake. Alifariki huko mwaka 1913. Kwa hiyo katika muda wa kizazi kimoja tu mwambao uliokuwa ukipokea waliojitolea ulikuwa umeanza kuwatoa.

Mpaka na lugha mbili

Uamuzi wa Johnson wa kufanya kazi kwa Kinyanja haukuwa jambo dogo. Walimu waliotoka Kiungani, Zanzibar, walikuja na Kiswahili, na Steere mwenyewe alikuwa ametoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Ingekuwa rahisi kulipa ziwa lugha ya pwani. Johnson alichagua lugha iliyokuwa ikizungumzwa mbele yake.

Hata hivyo siasa ilipita katikati ya uamuzi huo. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliuweka mwambao wa Liuli chini ya Ujerumani, huku Likoma ikibaki kwa Waingereza. Serikali ya Kijerumani ilitumia Kiswahili katika utawala na shule zake. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann palepale Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Njia iliyokuwa ya parokia moja ikawa mstari wa vita.

Baada ya vita Tanganyika iliendelea na Kiswahili chini ya Waingereza. Mwezi Juni 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki, na miezi minne baadaye Johnson akafa. Mwaka mmoja ulizika mtu na ukaamua lugha. Kinyanja kiliendelea ng'ambo ya pili, ambako Malawi ilikipa jina la Chichewa mwaka 1968. Katika mwambao wa Ruvuma shule, mahakama na siasa zilishikwa na Kiswahili, na lugha za nyumbani, Kinyasa, Kimpoto na Kimanda, zikabaki nyumbani. Kazi ya maisha mazima iliachwa upande wa pili wa mpaka ambao mwenye kazi hakuuchora.

Hitimisho

Je, Johnson alikuwa mlowezi? Hakujitwalia shamba, hakujiwekea mali, na alizikwa miongoni mwa watu aliowatumikia. Lakini alifika katika zama ambapo taifa lake lilikuwa likigawana Afrika na wenzake, na meli, barua na ulinzi wake vilitegemea zama hizo. Kumtakasa kabisa ni kosa, na kumtupa katika kapu moja na wanyang'anyi wa ardhi ni kosa jingine. Kinachomtenganisha nao ni lugha. Mlowezi wa mashamba alijifunza amri chache za kumtuma mtumishi. Johnson alijifunza hadi kuweza kusahihishwa, na mtu anayekubali kusahihishwa katika lugha ya mwenyeji amekwisha kumkubali mwenyeji kuwa mwalimu wake.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili na wa historia, somo hili lina kazi ndani yake. Masimulizi ya wazee wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, na ya vilima vya Mbinga hadi Matiri, hayana budi kukusanywa kwa lugha zao wenyewe. Yakikusanywa, huenda yakapatikana majina ya waliomsomea Johnson, waliompigia makasia na waliomsahihisha. Mtendewa aliyeachwa nje ya neno kujitolea atakuwa amepata nafasi yake katika sentensi.