Ulizo langu lilikuwa limeulizwa tangu 1734

Wandugu, leo siongelei mbolea wala mihogo. Naongelea kitu chenye kilinipatisha haya mbele ya wenzangu wote, mwaka wa kwanza wa agronomia.

Asistenti aliandika ubaoni:

((x + h)² − x²) / h

Tukafungua mabano. Kule juu ikabaki 2xh + h². Hapo huwezi kukata h ovyo, kwa sababu bado ni kujumlisha. Wengi wetu tulikuwaka tunakata herufi sawa mtu mwenye kupalilia na kung'oa hata mahindi. Kwanza unatoa h kama fakta ya pamoja: h(2x + h). Sasa imekuwa kuzidisha, njo unaweza kukata h ya juu na h ya chini. Inabaki 2x + h. Kisha asistenti akasema: tuweke h = 0. Jibu: 2x.

Nikainua mkono: «Lakini tumegawanya kwa h. Kama h ni sifuri, tuligawanya namna gani?» Watu wakacheka. Asistenti akasema nifuate kanuni tu. Nikakaa. Mwaka ule sikuuliza tena kitu.

Nilikuja kusoma historia nyuma ya lisansi, na nikashangaa. Karne ya 17, Pierre de Fermat, mtu wa sheria kule Toulouse, alikuwa anafanya vile vile: anagawanya kwa kadiri ndogo, kisha anaitupa. Isaac Newton naye, Uingereza, alijenga hesabu yake ya mwendo juu ya njia kama hiyo. Majibu yalikuwa sawa, watu wakaendelea.

Mwaka 1734, George Berkeley, askofu wa Ireland, akatoa kitabu The Analyst. Hakusema majibu ni ya uongo. Alisema hivi: ukigawanya, ile kadiri haiwezi kuwa sifuri, ukiifanya sifuri nyuma, umevunja neno lenye ulijengea. Ni ulizo langu lile lile! Ila yeye hawakumwambia akae. Colin Maclaurin, wa Edinburgh, alimjibu kwa kitabu kikubwa mwaka 1742. Na mwaka 1821, Augustin-Louis Cauchy akachapisha Paris masomo yake, limiti ikiwa kwenye msingi. Kwa njia hiyo hatusemi tena h ni sifuri. Tunakata h wakati si sifuri, kisha tunauliza 2x + h inakaribia wapi h ikizidi kuwa ndogo. Inakaribia 2x. Hakuna neno lenye limevunjwa.

Siku hizi ninasaidia mdogo wangu kujitayarisha kwa Examen d'État. Juzi aliandika:

(x² − 9) / (x − 3) = (x − 3)(x + 3) / (x − 3) = x + 3

Nikamwambia ni muzuri, lakini aongeze: x si 3. Akauliza: «Yaya, juu ya nini? Ukiweka 3 kwa x + 3, si unapata 6?» Ulimi wangu ulitaka kumwambia afuate kanuni tu. Nikajizuia. Tukaweka 3 katika ile ya kwanza, tukapata 0/0, na tukakaa na ile 0/0 mpaka usiku.

Wandugu wenye munafundisha: mwanafunzi akiinua mkono, musimucheke. Pengine ameshika ulizo lenye lilichukua watu karibu miaka 90 kulijibu.